Mzee Othmar Hakuagiza Ugali

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1974, Mzee Othmar Ndunguru, fundi wetu wa bodi za magari, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Jitegemee hapa Mbinga kwa miaka ishirini na minne. Anaondoka akiwa na afya njema, meno yake yote isipokuwa mawili, na hasira. Hasira hiyo si yake peke yake. Mimi ninayeandika ninayo, na wenzetu wengi wanayo, ingawa wengine wanaitafuna kimyakimya pamoja na chai ya saa nne.

Kamati ya sherehe iliniomba wasifu mfupi wa kuchangamsha kwa jarida letu la wafanyakazi. Mjumbe mmoja alikuja mpaka dirishani kwangu stoo akaniambia, "Bibi harusi, andika mazuri tu. Yale ya Machi yaache." Ni kweli mimi ni bibi harusi. Nimefunga ndoa na Mwalimu Izidori mwanzoni mwa mwezi huu, na mazuri yamenijaa mpaka yanamwagika. Naamka nikicheka. Nikienda kazini naona hata mashimo ya barabara yamependeza, kwa sababu Izidori hunishika mkono tukiyaruka. Mtu mwenye furaha kama yangu angeweza kuandika mazuri matupu kurasa kumi bila kupumua. Lakini furaha yangu yenyewe ilipita mikononi mwa Mzee Othmar, kama mtakavyosoma, na siwezi kuifurahia huku nimefumba mdomo juu ya ubaya aliotendewa.

Mzee Othmar ni mtu wa Maguu, mtoto wa wakulima wa kahawa. Alianza kazi mwaka 1950, wakati karakana hii ilikuwa banda la mabati na malori mawili ya kubebea kahawa. Alianza kwa kuosha magari, akahamia kunyoosha mabati yaliyobonyea, na mwisho akashika kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kukwangua rangi ya zamani, kuondoa kutu, kuziba mashimo kwa pati, ule ujiuji mzito unaokauka ukawa mgumu, kupiga msasa, kupiga msasa tena, na kuliacha gari likiwa tayari kupokea rangi mpya. Wengi hudhani fundi wa rangi ni yule anayeshika rangi. Mzee Othmar husema rangi ni nguo tu, na nguo haimponyi mgonjwa.

Sauti yake inasikika mpaka sokoni. Mwaka wa Uhuru aliandaa lori lililobeba kwaya siku ya sherehe, na dereva mmoja akaligusa kwa kidole rangi ikiwa mbichi. Mzee alimwambia, "Vizuri, umeshaweka sahihi yako. Sasa gari ni lako, lisukume mpaka kwenu." Dereva yule alizunguka nyuma ya karakana miezi mizima ili asikutane naye.

Wala hakuwa mtu asiyekosea. Wazee wa karakana bado wanacheka habari ya bwana shamba aliyetoka Matiri na gari lake la bluu, akasimama kwetu kutia upepo kwenye tairi, akaenda kunywa chai. Siku hiyo Mzee Othmar alikuwa ameambiwa akwangue mlango wa gari la bluu. Bwana shamba aliporudi alikuta mlango wake unang'aa bati tupu. Mzee hakuomba radhi. Alimgombeza bwana shamba kwa kuegesha gari zima mahali pa magari mabovu, kisha akaupaka upya mlango ule vizuri kuliko ulivyokuwa, na bwana shamba akarudi mwezi uliofuata kuomba milango mitatu iliyobaki ikosewe vilevile.

Katika miaka hiyo alifundisha mafundi wengi. Mmoja wao ni Ndugu Hyasinti, ambaye leo ni Meneja wetu. Nalitaja hili mapema, kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo. Ndugu Hyasinti si mtu wa mezani tu. Alipiga msasa miaka mitano kando ya Mzee Othmar, bega kwa bega, na anajua ninayoyasema kuliko mimi.

Sasa yale ya Machi.

Ilikuja habari kwamba mgeni wa serikali atazindua kijiji kipya cha ujamaa kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay, na kwamba atapandishwa kwenye gari letu la Pijo. Mnaikumbuka Pijo ilivyokuwa. Madigadi zake zilikuwa zimeliwa na kutu, boneti ina mabonde, na chini ya milango ungeweza kupitisha kidole. Ndugu Hyasinti aliamuru ipakwe rangi kabla ya keshokutwa. Mzee Othmar akasema kazi hiyo inataka wiki mbili, na kwa mvua hizi labda tatu. Tena pati ilikuwa imekwisha stoo. Najua, maana stoo ni yangu.

Nilikuwa dirishani, hatua chache kutoka kwao, nikasikia kila neno.

"Ziba ziba tu, Mzee," alisema Ndugu Hyasinti. "Mgeni hataikagua."

"Nizibe na nini? Pati hakuna!"

"Fundi hakosi njia."

Hapo Mzee alitupa brashi ya waya chini. "Basi zibeni kwa ugali!" akasema. "Pakeni na mboga juu, mgeni ale akifika!" Akachukua koti lake, akaondoka.

Ndugu zangu, mtu yeyote aliyelelewa katika nchi hii anajua maana ya maneno yale. Ukimwambia mtoto mtundu "haya, choma nyumba basi," humpi kibiriti. Lakini mle karakanani alikuwepo Aloisi, kijana mpole, Mnyasa wa ufukweni, aliyekuwa hajamaliza mwezi kazini na hakuwa amezoea ndimi zetu za milimani. Aloisi alimtazama Meneja akitaka kujua la kufanya. Na Ndugu Hyasinti, aliyekula matusi ya Mzee Othmar miaka mitano na kuyaelewa yote, akamjibu bila kucheka, "Umemsikia fundi. Fanya alivyosema."

Aloisi akafanya. Kwa moyo safi kabisa akaenda kupika. Hata alichagua unga wa muhogo, akisema ugali wa mahindi unakatika, wa muhogo ndio unaonata. Akajaza madigadi na mabonde ya boneti, akalainisha kwa mwiko uliolowa maji, na ulipokauka ukapakwa rangi nyeupe juu yake, juu ya kutu na vumbi, pasipo msasa kupita hata mara moja. Nakiri kwamba kwa mbali Pijo ilipendeza.

Iliteremka milima ya Matengo ikinyeshewa njia nzima. Waliokuwepo wanasimulia kwamba ilipofika ufukweni ilikuwa imevimba kama mtu mwenye jino bovu. Ngoma zilikuwa zinapigwa, akina mama wanaimba, wanakijiji wamesimama safu mbili. Mgeni alipofungua mlango, rangi ilibaki kiganjani mwake. Kisha kuku wakaja. Kwanza mmoja, akadonoa madigadi ya kushoto, akaona ni chakula. Akaita wenzake. Mgeni alihutubia juu ya kujitegemea huku kuku wanakula gari lake, na watoto wa kijiji kile, Mungu awabariki, walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi mmoja wa Kinyasa akasema kwa sauti, "Kumbe watu wa Mbinga wana magari ya kuliwa, na sisi tunahangaika na dagaa!"

Hata mimi nilicheka niliposikia. Niliacha kucheka Jumatatu yake, tulipoitwa uani wafanyakazi wote.

Ndugu Hyasinti alisimama juu ya ngazi. Alisema ametahayarishwa mbele ya serikali. Alisema kuna fundi katika karakana hii aliyeagiza gari la umma lizibwe kwa chakula cha umma. Kisha akasema, "Ndugu zangu, hii ni hujuma."

Mnajua neno hilo lina uzito gani siku hizi. Fundi akikosea hukatwa mshahara wa siku moja au hupewa onyo, na yanakwisha. Hujuma ni neno la adui. Mwenye kuitwa hivyo, majirani hupunguza salamu, na wanawe wakiomba kazi watu huulizana pembeni. Mzee Othmar alikuwa amesimama karibu na pipa la maji. Aliitazama mikono yake yenye vumbi la kutu.

Aloisi ndiye aliyeinuka, akanyoosha mkono. "Ndugu Meneja, samahani. Mzee hakutuagiza. Alikuwa anatutukana tu."

"Kaa chini."

"Nawe ulisema nifanye alivyosema."

"Nimesema kaa chini!"

Akakaa. Nasi tukabaki tumekaa. Meneja akashuka ngazi, neno lake likabaki juu, na liko juu mpaka leo.

Pijo iliachwa kando ya uzio, imechubuka, na kuku wa mtaa wakaizoea. Ndugu Hyasinti hakutaka kuiona. Mzee Othmar akamwomba aipeleke kwake Maguu, aifanyie kazi uani kwa saa zake mwenyewe, na Meneja akajibu, "Ipeleke hata mbinguni." Tukaivuta kwa lori.

Kwa hiyo kazi kubwa kuliko zote katika miaka ishirini na minne ya Mzee Othmar haikufanyika karakanani. Ilifanyika nyumbani, kati ya banda la mbuzi na mkeka wa mahindi wa mkewe, Mama Kunigunda, na mimi niliiona. Nilikuwa nimepeleka pati ilipofika kutoka Songea, na Izidori, wakati huo mchumba wangu, alinisindikiza. Izidori ni mtu wa Tabora, serikali ilimleta kufundisha Mpepai, nami naishukuru serikali kila siku kwa hilo. Tulienda Jumamosi moja tukidhani tutakaa saa moja. Tukawa tunakwenda kila Jumamosi.

Mzee alianza kwa kuung'oa ugali wote kwa kisu cha pati, huku akiulaani kipande kwa kipande. Kisha brashi ya waya, mpaka kutu ikawa unga mwekundu na bati likaonekana jeupe. Palipotoboka alikata bati la debe akapigilia na kuchomelea. Ndipo pati, tabaka jembamba, likauke, tabaka jingine. Halafu msasa: ule mkali kwanza, wa wastani, mwisho ule laini kwa maji ya sabuni. Izidori alipewa mlango wa nyuma. Akasugua kwa nguvu zake zote, kwenda na kurudi, mpaka Mzee akapaza sauti, "Mwalimu! Hapa hufuti ubao! Gari lina mwili, lifuate mwili wake!" Akamshika mkono akamwonyesha: msasa uzungushiwe kipande cha mti ili usichimbe, mkono uende mrefu na mwepesi, na kila mara usimame, ufumbe macho, upitishe kiganja. Jicho hudanganywa na mng'ao, alisema, kiganja hakidanganyiki. Nilimtazama Izidori wangu amefumba macho, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, kiganja chake kinapita polepole juu ya bati kana kwamba linapumua, na nikajua kwamba ningeolewa na mtu huyu hata kama asingekuwa na kazi wala kiatu.

Mama Kunigunda hakuona mapenzi yoyote. "Othmar," alisema, "unasugua gari au unanisagia unga? Mahindi yangu yote yamekuwa mekundu!"

"Yaoshe."

"Nikuoshe wewe kwanza!"

Msasa laini ulipoisha, nami stoo sikuwa na karatasi hata moja, Mzee hakusimamisha kazi. Alikwenda bondeni akarudi na kikapu cha majani ya mti wa msasa wenyewe, yale ya kukwaruza ambayo mababu walilainishia mipini na vijiko. Akayalowesha, akayafunga kwenye kitambaa, akamalizia nayo juu ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Kazi ilikwenda polepole mno. Lakini kiganja kilipopita, hakikukwama popote.

Siku ya rangi alimwagia ua mzima maji ili vumbi litulie, akafukuza mbuzi, akaziba vioo kwa magazeti, akamkataza kila mtu kufagia, hata jirani wa ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na mashine ya kupulizia. Alipaka kwa brashi laini, tabaka jembamba jembamba, na kila moja lilipokauka alilisugua tena kabla ya kupaka jingine. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo kwa gari la mtu aliyemtukana mbele ya watu. Alinijibu kwa ukali, kama kawaida yake: "Gari si la Hyasinti. Ni la karakana. Tena Hyasinti atalielewa hili gari kuliko wewe. Nilimfundisha mimi."

Pijo ilirudi Mbinga mwishoni mwa Mei, nyeupe kama maziwa. Siku ya harusi yetu, Pijo hiyo ndiyo iliyonipeleka kanisani. Niliegemea mlango wake na gauni langu lote jeupe, jua linawaka, watu wananisukuma huku na huku kwa vigelegele, na Izidori akaja akanizunguka, akaangalia gauni mgongoni, akaninong'oneza, "Hakuna hata doa." Sijawahi kuambiwa neno tamu zaidi, ingawa ameniambia mengi tangu hapo na mengine siyaandiki katika jarida la wafanyakazi.

Ndugu Hyasinti alikuwepo harusini. Nilimwona kwa macho yangu. Watu walipoingia kula, alibaki nje peke yake na Pijo. Alitazama huku na huku, kisha akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya madigadi ya kushoto, mwendo mrefu na mwepesi, kama alivyofundishwa. Nikasema moyoni, haya, sasa ataingia na kusema.

Aliingia, akala wali, hakusema kitu. Hakusema Jumatatu. Hajasema hadi ninapokata stensili hii ya kuchapia jarida. Na hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa, nami si mwepesi wa kuchukia watu, hasa mwezi huu. Naelewa aliogopa mwezi Machi. Mgeni alikuwa amekasirika, cheo kilikuwa kinatikisika, na mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu naye. Lakini mgeni alikwisha kwenda zake. Hofu imepita, na bado ameliacha jina la mwalimu wake kwenye matope, eti kwa sababu kulichukua kutaonyesha nani alilitupa.

Wiki iliyopita nilikwenda Maguu na mjumbe wa kamati kumpa Mzee Othmar mwaliko wa sherehe ya kuagwa, Jumamosi tarehe 29 Juni, ukumbini, soda na keki, hotuba ya Meneja. Mzee aliusikiliza mwaliko mpaka mwisho.

"Hyasinti kaliondoa neno lake?" akauliza.

Mjumbe akasema ya kale yamepita, Mzee, na kwamba Meneja ameandaa hotuba nzuri sana.

"Nimekuuliza kama kaliondoa neno lake."

Mjumbe akaanza kuukunja mwaliko.

"Basi mwambie keki ale mwenyewe. Aliniita adui uani mbele ya watu. Hawezi kuniita fundi hodari ukumbini kana kwamba ni watu wawili. Mimi ni mmoja." Akageukia bati alilokuwa anamsugulia jirani, asituangalie tena. Tulipokuwa tunatoka, Mama Kunigunda alitusindikiza mpaka njiani. Huyu mwanamke asiyekosa la kutania alisema neno moja tu juu ya kukataa kwa mumewe: "Halali."

Basi wasomaji, hili ndilo tangazo, na jarida hili nalichapa kwa mkono wangu, kwa hiyo litatoka kama lilivyo. Wakitaka kunihamisha, wanihamishe. Izidori amesema popote nitakapopelekwa ataomba shule jirani, na hata kama ni kulima, tutalima pamoja.

Jumamosi tarehe 29 ukumbi utakuwa na viti, lakini hautakuwa na mstaafu. Nasi wafanyakazi, mafundi na makarani, tumekubaliana kwamba hatutakwenda kuaga kiti kitupu. Lori litaondoka mbele ya karakana saa tatu asubuhi kwenda Maguu. Akina mama tunabeba vyakula, mwenzetu Fulgence analeta ngoma. Aloisi ameomba yeye ndiye asimame kwanza mbele ya Mzee na kumwamkia, kisha aseme mbele ya majirani wote yale aliyokatazwa kuyasema uani.

Ndugu Hyasinti, nafasi ya mbele kando ya dereva tumekuachia wewe. Hotuba iache mezani, na keki pia. Uje na lile neno, uliondoe kwa sauti ileile uliyolisemea, mbele ya Mama Kunigunda na majirani zake. Usipokuja, Aloisi na sisi sote tutasema ukweli tulioshuhudia, lakini kuliondoa neno hatuwezi, maana hatukulisema sisi.

Nawe Mzee Othmar, shikamoo. Tunakushukuru kwa miaka yako, kwa kelele zako, kwa kila bati ulilotuachia laini, na kwa gauni langu. Tunakuombea wewe na Mama maisha marefu yenye kahawa nzuri na wajukuu wengi. Wengine wakikuaga hukutakia upumzike na kutulia. Mimi sikutakii hivyo bado. Nakutakia ubaki na hasira, baba, hadi utakapoombwa radhi kwa heshima inayokustahili. Na siku hiyo ikifika, hata kama ni Jumamosi hii, ndipo upumzike.